Matusi ya Shemeji Siku ya Finali

Nyamazeni kwanza niwaeleze vizuri, maana hapa Kindu kila mtu anaisimulia finali ile anavyotaka, na wengine siku hiyo hawakuwa hata karibu. Miye nilikuwepo. Miye njo kapiteni! Aïcha wa mtaa wa Mikelenge, mwenye salle, ule ukumbi wa michezo ya simu nyuma ya soko, bibi wa wajukuu wawili. Na kama iko mtu anacheka kwamba mama mzima anashinda kwenye simu akipigana vita vya uongo, aje akae mbele yangu, nitamtoa machozi kabla chai yake haijapoa.

Mchezo unaitwa Ngome. Ekipe mbili, watu wanne kila upande, kila ekipe na ngome yake. Ukiuawa unafufuka, unaendelea, na pointi zinahesabiwa. Lakini mtu wenu mmoja akipanda mnara wa wapinzani akashusha bendera yao, mechi imekwisha pale pale, hata kama kwa pointi mlikuwa mmeachwa mbali. Sisi wa Maniema, jimbo letu, tulikuwa miye, Okito fundi wa pikipiki, Exaucé mwalimu wa hesabu, na wa nne aliyekuwa anacheza kutoka Kibombo kwa jina la Kijana. Huyo wa nne hakuwahi kusema neno kwenye mikro. Ekipe zingine zikamwita Bubu.

Sasa niwaambie: Kijana hakuwa kijana. Alikuwa Mounira, binti wa kaka yangu mkubwa Idrissa, msichana wa miaka ishirini mwenye mdomo usio na breki. Mchezo aliuanzia hapa kwangu, ku salle, kwa jina lake na kwa sauti yake, na akicheza watoto wa mtaa walipanda juu ya benchi wamwone. Ikawa hivyo mpaka siku alipomshinda Radi mbele ya watu.

Radi ni nani? Ni kapiteni wa ekipe iliyokuwa inashika kombe. Sura yake hatuijui, mji wake hatuujui, tunajua mdomo wake tu, na ule mdomo, jamani, ungeusugua kwa sabuni na majivu ungebaki unanuka. Alimtukana Mounira wiki nzima. Alipoona mtoto hanyamazi, akaokota picha ya Mounira aliyopigwa kwenye arusi ya binamu yake, akaisambaza na maneno kwamba huyu anauzwa, na namba yake ya simu chini. Simu ya yule mtoto ikalia mchana na usiku, wanaume wa miji asiyoijua. Akaacha kula. Idrissa akaja Kindu na pikipiki, hata hodi hakupiga vizuri, akamchukua binti yake akampeleka Kibombo. Mlangoni akanigeukia: "Wewe njo ulimuingiza humo, Aïcha."

Nikamwomba kaka yangu, nikamlilia, nikatuma mpaka imamu. Mwisho akakubali jambo moja: Mounira amalize kombe, mechi za mwaka mzima, akiwa amejificha, bila sauti, na yeye Idrissa akae ubavuni mwake kila mechi. Tukishindwa, simu inaingia sandukuni na mchezo usitajwe tena nyumbani kwake. Tukishinda, alisema, "tutaona." Na wanaomjua kaka yangu wanajua "tutaona" yake ni kitu kidogo sana. Lakini njo nilikuwa nayo. Nilimtaka mtoto wangu arudi, arudi na ule mdomo wake. Kombe lenyewe ningempa hata mbuzi alichezee.

Basi, Jumamosi, finali. Salle imejaa mpaka watu wananing'inia madirishani kuitazama ekra, kile kioo kikubwa cha ukutani, kura ya umeme iko, shukuru Mungu, na batri tumeziweka tayari ikikatika. Okito kulia kwangu, Exaucé kushoto, na Mounira kule Kibombo ku duka la mfanyabiashara wa mchele mwenye antene ya setilaiti. Sauti zilikuwa za njia mbili. Kulikuwa na mstari wa ndani, wa ekipe peke yake, unaopita kwenye seva ile ile ya mchezo. Na kulikuwa na uwanja wa wazi, ulio kwenye mashine nyingine, ambako ekipe zote mbili, mwamuzi na watazamaji mia kadhaa wanasikia kila kinachosemwa. Radi hakungoja hata mechi ianze, akaingia kwenye uwanja wa wazi.

"Aaah, watu wa porini mumefika! Na yule mama mzee bado wanamruhusu kushika simu? Rudi jikoni, mama, sombe inaungua!"

"Sombe yangu inachemka pole pole, mwanangu," nikamjibu, "na leo utaila wewe, bila chumvi."

Salle nzima wakapiga kelele. Mechi ikaanza, na wallahi tulianza kwa moto! Okito akavunja lango lao la mbele, Exaucé akapita chini ya mishale, miye nyuma yake napiga kushoto, napiga kulia, mnara wao ule pale, ngazi ile pale, Exaucé anaweka mguu juu ya ngazi. Mara ekra ikaganda, Exaucé na mguu wake mmoja hewani. Kisha giza, na maandishi: seva imeanguka.

Kama hujui hayo mambo, nikueleze. Mtu mwenye roho mbaya anakusanya mashine elfu na elfu za watu wasiojua, anaziagiza zote ziite seva mara moja. Ni kama soko zima lije kugonga mlango wako kwa pamoja, na hakuna hata mmoja mwenye haja nawe. Yule mgeni wako wa kweli anabaki nje, hawezi kupita. Na katika kombe lile, kila tulipoukaribia mnara wa Radi, soko lilikuja kugonga. Kila mtu alijua. Hakuna aliyekuwa na ushahidi.

Baada ya muda seva ikainuliwa, na mwamuzi wetu, Nathalie, akazungumza kwenye uwanja wa wazi. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Tunaendelea, kila ekipe ianze kwenye ngome yake, lakini seva inachechemea. Mistari ya ndani imekufa, leo hairudi, kila mtu atumie uwanja wa wazi. Na kanuni ya finali munaijua: seva ikianguka tena kabla ya mechi kuisha, mechi inafutwa, na kombe linabaki kwa wenye kulishika."

Hapo nilisimama na kiti kikaanguka. "Nathalie! Mwizi anavunja nyumba, nanyi munampa na ufunguo?"

"Mama Aïcha, nakusikia. Sina ushahidi. Kanuni njo hiyo."

"Ni mvua tu, mama," Radi akasema, anacheka. "Si kwenu inanyesha sana?"

Nikakaa. Nikafunga mikro yangu, na Exaucé akaniinamia sikioni. "Mama Kapiteni, sikiliza. Yule anataka kushinda mbele ya watu, njo maana hajaiangusha tena. Mvua yake anaiweka ya akiba. Anatazama lango la mbele tu, na akiona tunaingia, anabonyeza. Bendera inabidi ishuke wakati yeye anajiona anashinda."

"Kwa nyuma," Okito akasema. "Ku mto."

Nyuma ya ngome ya Radi kulikuwa na mto wenye mawe ya kurukia. Ukikosea jiwe unazama, unaanza upya nyumbani kwako. Hakuna aliyepitia huko, isipokuwa mtu mmoja aliyeyajua yale mawe kwa moyo, naye alikuwa Kibombo, amesimama kwenye lango letu analinda kama nilivyomwagiza. Nikataka kumwambia. Kwa njia gani? Mstari wa ndani umekufa. Kumwandikia haiwezekani: simu ndiyo anayochezea, akitoka kusoma ujumbe wanamuua. Duka lile lilikuwa na antene, lakini mtandao wa simu Kibombo ulikuwa umelala tangu asubuhi, kumpigia baba yake ni bure. Umebaki uwanja wa wazi, ambako nikisema "Kijana, pita ku mto," Radi anasikia kabla yake.

Radi akatupiga pale mlangoni kwake. Pointi zake zinapanda, zetu zimelala. Na miye, vidole vikicheza vyenyewe, akili yangu ikaniruka ikarudi miaka ya vita, kwenye kile chumba cha foni.

Foni ni ile redio ya kuzungumzia mbali. Wakati ule reli ilikuwa imekufa, mto umefungwa, simu hakuna, na mtu akitaka kusikia sauti ya ndugu yake aliye Kibombo au Kampene, alikuja kwangu. Miye msichana tu, nimevaa vile vikombe vya masikioni, naita, na ubavuni mwangu askari mwenye bunduki amekaa kwenye kiti anasikiliza kila neno. Siku moja Idrissa akaita kutoka Kibombo: amepata mchele, anakuja Kindu kesho. Na asubuhi ile ile miye nilikuwa nimeona vijana wakikamatwa hapa mjini, wanafungwa kamba, wanabebeshwa mizigo kupelekwa msituni. Nimwambie nini, na bunduki iko hapa?

Nikamtukana. "Wewe mwizi wa kuku! Ukikanyaga mlangoni kwangu nitakuchapa na mwiko! Ulimaliza sombe yote ukalamba na sufuria, tumbo kama ngoma!" Askari akacheka mpaka akajipiga paja. Alidhani naongea na shemeji yangu, maana kwetu shemeji njo wa kumtania hivyo, unamtukana na anakushukuru. Lakini Idrissa ni kaka yangu mkubwa! Kaka unamheshimu, unainamisha macho. Tangu nizaliwe sikuwahi kumrushia neno la namna ile. Kule Kibombo akasema, "Nimesikia, dada." Hakuja. Wale waliochukuliwa wiki ile, wengi hatukuwaona tena. Mounira alizaliwa miaka mitano baadaye.

Na shangazi, kwa mtoto wa kaka yake? Ni baba huyo, ila amevaa kitenge. Shangazi hatani. Nikafungua mikro kwenye uwanja wa wazi, mbele ya watu mia kadhaa, nikavuta pumzi.

"We Kijana! Mwizi wa kuku mkubwa we! Unasimama mlangoni kwangu kama mkwe anayengoja wali? Nakujua miye! Wewe unapitaka nyuma, ku mto, watu wakiwa ku matanga, unaiba kuku na kifaranga chake! Toka mlangoni kwangu, sura kama chungu kilichoungua!"

Okito akanitumbulia macho. Radi akapasuka kicheko. "Wanagombana! Sikilizeni, wanagombana wao kwa wao!"

Mounira hakusogea. Nilimwona kwenye ekra amesimama pale pale langoni, na silaha yake imeshuka. Mungu wangu. Mtoto aliyetukanwa na dunia nzima, sasa anatukanwa na shangazi yake, na watu wanamcheka. Labda ile habari ya foni baba yake hakuwahi kumsimulia hata siku moja. Nikafungua mdomo nimwambie basi, samahani, mwanangu, potelea mbali kombe.

Ndipo mikro ya Kibombo, iliyokuwa imefungwa mwaka mzima, ikafunguka. Haikuwa sauti yake. Kilikuwa kicheko cha mwanamume, kizito, kinachotoka tumboni. Nilikijua kabla hakijaisha.

"Mwizi wa kuku?" Idrissa akasema. Kaka yangu! Haji Idrissa, mtu wa safu ya mbele msikitini! "Wewe mwanamke unamwita nani mwizi? Wewe uliyepika wali siku ya Idi mpaka mbwa wa mtaa wakahama? Kuku wako mwenyewe alikimbia, alikuwa anaogopa mapishi yako!"

Salle ililipuka. Miye machozi yalikuwa yananitoka, sijui ya kicheko au ya nini, na kwenye ekra, pembeni kabisa, Kijana akageuka, akatoka langoni, akaanza kukimbia kuelekea mtoni.

"Usiniletee habari ya mapishi!" nikapiga kelele. "Wewe na hilo tumbo! Siku ya arusi yako walikushonea kanzu kwa kitambaa cha hema!"

"Na wewe bwana arusi alipokuona aliuliza njia ya kurudi kwao iko wapi!"

"Aliuliza, na wewe njo ulimuonyesha, mshamba we!"

Radi alikuwa hapumui. "Ongezeni! Mzee, mpige nyingine! Mama, usikubali!" Akawaita wenzake waje wote lango la mbele wasikilize. Akatia na matusi yake, machafu, yasiyo na utani hata kidogo, na sisi tukampisha ayaseme, maana kila tusi lake lilikuwa jiwe moja mbele kwa Mounira. Okito na Exaucé wakafanya kazi yao: wakajipeleka lango la mbele ovyo ovyo, wakauawa, wakafufuka, wakajipeleka tena. Pointi za Radi zikapanda mpaka mawinguni. Mtu anayeshinda namna ile ataita mvua ya nini?

Jiwe, jiwe, jiwe. Nilikuwa namtazama kwa jicho moja, na mdomo hauachi kusema. Kwenye jiwe la mwisho akateleza, mguu mmoja ukaingia majini, na salle yote wakashika vichwa bila sauti, hata watoto, maana mikro yangu ilikuwa wazi. Akajivuta. Akapanda. Yuko nyuma ya mnara, ngazi haina mlinzi, wote wameenda mbele kuangalia sarakasi.

"Idrissa," nikasema, "hata deni la mbuzi wa mama hujalipa!"

"Mbuzi gani? Yule aliyekufa kwa kukutazama?"

Bendera ikashuka.

Tangazo likatokea katikati ya ekra: mechi imekwisha, ushindi Maniema. Kwa kitambo kidogo hakuna aliyeamini, hata sisi. Radi akasema, "Nini? Nani? Ametokea wapi?" Na kisha, jinsi alivyo mwenye kisirani, akabonyeza. Mchezo wote ukaanguka, ekra nyeusi, lakini uwanja wa wazi ulikuwa kwenye mashine nyingine, ukabaki. Na Nathalie akasema kwa sauti iliyoamka kabisa:

"Imeanguka baada ya mwisho. Matokeo nimeshayashika. Kombe ni la Maniema!"

Weee! Meza zilipinduka. Okito alinibeba, miye na kilo zangu, akanizungusha. Huko nje pikipiki zilianza kulia honi, na watu wasiojua habari nao wakalia honi. Nikawapigia kelele wanyamaze, maana Nathalie alikuwa bado anazungumza.

"Nahitaji jina la aliyeshusha bendera, litangazwe. Hapa iko Kijana tu. Kijana, wewe ni nani?"

Watu mia kadhaa wanasikiliza. Miye nilishika ukingo wa meza. Niliomba asijibu, na niliomba ajibu.

"Mounira," akasema. Sauti ile, mwaka mzima sijaisikia kwenye mikro. Ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. "Miye naitwa Mounira."

"Ngoja, ngoja!" Radi huyo. "Mounira? Si yule wa picha? Yule wa kuuz..."

Okito akapiga ngumi ukutani. Nikafungua mdomo, na nilikuwa na maneno, wallahi, maneno ambayo hata kwenye foni sijawahi kuyatumia. Lakini kule Kibombo mtu alikuwa amechukua mikro kabla yangu, na hakuwa anacheka tena.

"Mama mwamuzi," Idrissa akasema, pole pole, kama anavyozungumza msikitini. "Hilo jina umepata nusu. Andika Mounira binti Idrissa, wa Kindu, kwa shangazi yake. Na huyu kijana anayeuliza, baba yake Mounira njo miye. Niko hapa. Namsikiliza. Amalize neno lake."

Tukangoja. Salle nzima, Kibombo, miji yote iliyokuwa kwenye ule uwanja, watu tukangoja Radi amalize neno lake.

Hakulimaliza.